Shangazi, mume wangu anataka turudi kuishi chomboni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Entebbe upande wa Kitoro. Baba yangu alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili nilikipata kambini kabla sijajua hata kuandika jina langu. Mume wangu ni mtu wa pwani, mwana wa fundi wa mashua. Alikuja Uganda kutafuta kazi ya useremala, akaliona Ziwa Victoria, basi, hakuondoka tena.

Kabla watoto hawajaanza shule hatukuwa na nyumba ya matofali. Tuliishi ndani ya chombo cha tanga alichokiunda kwa mikono yake, cha mbao, mita 11, chenye chumba cha kulala mbele na jiko dogo nyuma. Binti yetu alijifunzia kutembea humo. Tulikuwa tunapeleka mizigo Ssese, simenti na mabati kwenda, mananasi na mbao kurudi, na mara mojamoja wageni wanaotaka kuona visiwa. Mwaka 2020 watu walipofungiwa majumbani, sisi tulitia nanga ghubani tukawa tunavua na kula. Nitasema kweli, usingizi wa chomboni sijaupata tena nchi kavu.

Shule zilipofunguliwa Januari 2022, binti alikuwa ameshachelewa, na mdogo wake analia tumbo kila siku. Hospitali wakatuambia ni kichocho. Tukashuka. Chombo tukakivuta juu ya magogo, tukakifunika turubai, tukapanga vyumba viwili. Tulisema ni kwa mwaka mmoja tu.

Sasa binti yuko darasa la sita, mwakani ana PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mdogo ameanza la kwanza. Mimi nina kibanda cha chapati na chai ya tangawizi karibu na stendi ya teksi, na kwenye kikundi chetu cha akiba mimi ndimi mweka hazina. Baba watoto anatengeneza vitanda kwenye karakana ya watu. Anarudi jioni, anakula, halali, hasemi.

Mwezi uliopita alitupeleka mwaloni tukakitazame chombo. Akafunua turubai, akawa mtu mwingine kabisa, anacheka, anapanda na kushuka. Binti aliingia chumbani, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Mama, pasi nitaichomeka wapi?" Kila jioni hupiga pasi sketi yake ya shule, kila marinda mahali pake. Baba yake alicheka. Mdogo naye alikuwa amepata mchezo wake: anapitisha sarafu ya shilingi 100 kwenye ufa wa mbao, inaangukia ndani, anaifuata, anaipitisha tena. Nikamwonyesha baba yake. Akasema mbao zikinywa maji zitafunga.

Juzi ndipo nikagundua ameshamwambia mwenye nyumba kwamba tunahama muhula ukiisha. Mimi sikuambiwa. Nilipomuuliza akasema kodi tuliyolipa ingetosha kununua tanga jipya na injini, na akaniuliza, "Kule ulikuwa na furaha, nani amekubadilisha?"

Mama yangu hataki hata kusikia. Anasema hata kiboko anayeshinda majini, usiku hutoka akala nchi kavu. Mimi simo kwake wala simo kwa mume wangu. Ninachoogopa hasa ni ziwa lenyewe. Usiku mmoja tukitoka Kalangala, huko huko Ssese, tulipatwa na dhoruba, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikampiga baba watoto begani, nikashika usukani nikawa naelekeza kule anakonipigia kelele mpaka kukapambazuka. Lakini hayo yalipita.

Nikikataa namvunja moyo. Nikikubali, watoto watakosa shule na mimi narudi kuanza upya. Nifanye nini?

Mama wa Kitoro

---

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia mengi ya shule, kodi na kibanda, na yote nitayafikia. Lakini usiku ule wa Kalangala umeutaja upesi ukasema yalipita. Hayajapita. Foromali ilimpiga mumeo begani, akabaki na sauti ya kukuelekeza. Ingempiga kichwani je? Ingemtupa majini? Ungebaki umeshika usukani gizani, tanga limejaa upepo, watoto wamelala chumbani, na hujui tanga hilo linashushwa vipi. Yeye yuko majini anaita, na chombo kinazidi kumwacha.

Kwa hiyo sharti langu ni moja: usirudi kuishi humo mpaka uweze kukifikisha chombo mwaloni wewe mwenyewe, mumeo akiwa amekaa kimya, mikono mapajani. Sikwambii hivi ili umkomoe. Watu wawili wazima wanaoishi chomboni na watoto, mmoja tu akiwa anajua kazi, ni sawa na kwamba mzima aliyemo ni mmoja. Miaka yote ile uliishi humo kama abiria anayepika. Nawajua wanaume wa pwani, nimezaliwa nao: atakwambia kazi ya henza, kamba ya kupandishia tanga, ni nzito kwa mwanamke. Mwambie mwanamke anayekanda unga wa chapati kila alfajiri ana mabega.

Mambo ya kujifunza si mengi. Kulegeza demani, kamba inayovuta pembe ya tanga, upepo unapozidi, ili chombo kisilale. Kufungua henza na kuishusha foromali taratibu bila kumwangukia mtu. Kuwasha injini, kama mtakuwa nayo. Kutia nanga, kisha kujua kama imeshika: chagua vitu viwili vilivyosimama mstari mmoja nchi kavu, mti na paa la nyumba kwa mfano, na baada ya muda tazama tena. Vikianza kuachana, ujue nanga inaburura.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote, kumrudia mtu aliyeanguka. Chukua jerikeni ya njano, ijaze maji nusu isije ikapeperushwa na upepo, mumeo aitupe majini bila kukupa habari, na kazi ya kuirudia iwe yako. Binti apewe kazi moja tu, kuinyooshea kidole bila kuondoa macho hata akiitwa, maana kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hupotea mara moja ukitazama pembeni. Rudieni mpaka iwe kazi ya kawaida. Halafu mrudie jioni, mwanga ukiwa hafifu.

Majaketi ya kuokolea nayataja kwa sababu najua mtayaweka chini ya kitanda. Novemba 2018 MV Templar ilizama upande wa Mukono, si mbali na ufuko, na watu zaidi ya 30 walikufa. Mtoto wako mdogo awe na jaketi la kipimo chake, si la mtu mzima lililokazwa kwa kamba, na alivae kila anapotoka chumbani, hata mkiwa mmetia nanga na ziwa limetulia.

Sasa ile sarafu. Mumeo hajakudanganya, mbao zilizokaa nchi kavu husinyaa, na zikirudi majini hunywa zikafura, nyufa zikafunga. Lakini ufa unaopitisha sarafu hausubiriwi ujifunge wenyewe. Hapo pamba ya zamani iliyoziba nyufa inang'olewa, mumeo anakalafati upya, yaani anaziba kwa pamba mpya, kisha chombo kinashushwa maji ya kina kifupi kikae siku kadhaa bila mzigo na bila watoto, mtu akilala humo kukumba maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya sakafu.

Na kuna jambo ambalo mtu wa baharini anaweza kulisahau. Huku hakuna wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, lakini hakuna chumvi pia, na chumvi ndiyo inayozuia mbao zisioze. Maji ya mvua yaliyotuama chini ya turubai miaka yote hii ni adui mkubwa kuliko ziwa. Achukue kisu chembamba apite kila kona: shina la mlingoti, vichwa vya mbao nyuma kwenye usukani, mataruma, zile mbavu za chombo, chini ya sakafu ya chumba. Kisu kikiingia kama kwenye mkate, hapo panakatwa na kuwekwa mbao mpya. Tanga nalo alivute nyuzi zake kwa mkono; jua huua uzi kabla ya kitambaa. Kazi hii yote anaiweza, ni fundi. Swali ni kama ataifanya kwa utulivu au kwa haraka ya mtu aliyeshampa mwenye nyumba tarehe.

Hapo ndipo tarehe yake inaponitia wasiwasi. Nendeni nyote wawili kwa mwenye nyumba, si wewe peke yako, mumwambie mnabaki na chumba kimoja. Kingine kiachieni kama hamviwezi vyote viwili, lakini kimoja mkishike mwaka mzima. Hiki kitakuwa na soketi ya pasi, sanduku la vyeti, unga wako na mlango wa kukimbilia mtoto akiugua usiku. Kwa hili la kiboko mama yako ana akili kuliko sisi wote. Mumeo akilalamikia kodi, mkumbushe kwamba kibanda chako kinaweza kulipia chumba kimoja. Na kibanda hakifungwi, wala cheo chako kikundini hukirudishi. Mwaka wa kwanza kibanda ndicho kitakachowalisha mkisubiri mizigo ya Ssese irudi kwenu, maana wateja mliowaacha 2022 wameshapata mtu mwingine.

Utaniuliza, tutaishije chomboni na kibanda kiko Kitoro? Mwanangu, nyinyi mnadhani kuishi chomboni lazima muwe safarini. Kinaweza kukaa nangani Entebbe muhula mzima. Asubuhi mnashuka kwa mtumbwi, binti anakwenda shule, wewe unakwenda kibandani, baba anakwenda karakana, jioni mnarudi. Visiwani mnakwenda likizo: Mei, Agosti, Desemba. Nawajua watu waliomaliza ndoa zao wakibishana kuhama au kutohama, na hakuna aliyekaa akatoa kalenda ya shule akaiweka mezani.

Ila mwaka wa PLE sikubali hata hivyo. Mtahiniwa husajiliwa kupitia shule, hawezi kuwa leo Entebbe kesho Kalangala. Tena darasa la saba huingia mapema na kutoka jioni, wengine na Jumamosi juu yake. Mtoto huyo anahitaji taa, meza isiyotikisika na sketi yenye marinda. Mwaka huo alale kwenye kile chumba siku za shule, na mmoja wenu alale naye, kwa zamu. Najua baba yake atasema alijifunza kusoma chomboni. Kusoma, ndiyo. Na mwulizeni binti mwenyewe. Lile swali la pasi hamkumjibu, mmoja alicheka na mwingine alinyamaza.

Mdogo naye ana historia ya kichocho, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu waishio mwaloni wamekizoea mpaka wanakiona kama mafua. Kichocho cha ziwa hili ni cha tumbo. Mayai hutoka na kinyesi, yakifika majini huangua, vijidudu vikaingia kwa konokono, vikatoka humo vikitafuta ngozi ya mtu. Mtoto halazimiki kuyanywa maji. Kusimama tu ndani yake akioga kunatosha. Kikikaa miaka huharibu ini.

Hatari kubwa iko ukingoni penye majani na konokono, pale pale mnaposhukia mtumbwi, na huzidi jua linapokuwa kali. Mkiwa nangani mbali na majani inapungua, ingawa haiishi. Kwa hiyo maji ya kuoga yatekwe mbali na ukingo, yakae kwenye pipa lenye kifuniko siku mbili nzima kabla ya kuguswa, kwa kuwa vijidudu hivyo visipopata mtu hufa. Ya kunywa yachemshwe. Mnaposhuka, mdogo abebwe mgongoni mpaka pakavu, au avae buti ndefu. Choo cha ndoo kisimwagwe majini; mnakipeleka chooni nchi kavu, hata kama majirani wote wanamwaga, maana ndivyo ugonjwa unavyowarudia.

Dawa yake ni praziquantel, na wilaya za kando ya ziwa hugawiwa kwa mpango wa serikali ulioanza 2003. Lakini dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, haiui michanga, wala haimzuii mtu kuambukizwa tena. Mpimeni kabla ya kurudi, apimwe tena baada ya miezi michache mkiwa humo, na nyinyi wazazi pia.

Sigiri ya makaa isiingie chumba cha kulala hata siku ya mvua na baridi. Moshi wa makaa usioonekana humaliza familia nzima usingizini, na chumba cha chombo ni kidogo kuliko bafu. Na karatasi: sheria ya usafiri wa majini ya 2021 inataka chombo kisajiliwe na kiwe na leseni, na kubeba abiria wa kulipa si sawa na kubeba familia yako. Miaka ile mliyokaa nchi kavu mambo yamekazwa. Aende ofisini kabla ya kukishusha.

Kuhusu hofu yako ya ziwa, nataka uijue sababu yake, maana hofu yenye sababu hutumika. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani, kutoka pande zote. Unapokutana katikati hauna pa kwenda isipokuwa juu, na huko ndiko wingu la radi linapopikwa. Ndiyo maana nyinyi wa Entebbe mnaamshwa na ngurumo alfajiri wakati jioni mbingu ilikuwa safi. Usiku ule mlisafiri wakati ambao ziwa hupika. Feri ya Kalangala huchukua saa tatu na nusu hivi kutoka Nakiwogo hapo Entebbe hadi Lutoboka kisiwani; kwa tanga hesabu mchana mzima, na anzeni asubuhi baada ya kuona mawingu ya alfajiri yamekwisha. Watabiri wa hali ya hewa wa serikali ya Uganda hutoa utabiri wa ziwa, usomeni wote wawili, na kila mmoja wenu awe na haki ya kusema leo hatuondoki, bila kuulizwa maswali wala kununiwa.

Umeniuliza kama ukikataa utamvunja moyo. Mtu anayerudi jioni, anakula, halali, hasemi, ameshavunjika kiasi. Ulipomwona pale mwaloni anacheka ulimwona mumeo uliyeolewa naye, na nadhani ndiyo sababu hujakataa mpaka leo. Lakini alivyokwenda kwa mwenye nyumba kimyakimya alikosea, na hilo lisemwe, mara moja, watoto wakiwa wamelala, si mwaloni mbele ya rafiki zake. Mwambie hivi: "Hujaniuliza, nimeumia. Ziwa nalitaka. Nataka unifundishe kuliendesha, na nataka chumba kimoja kibaki." Halafu nyamaza, mwache ajibu hata kama itachukua siku mbili.

Akikubali, chombo kiende kwa kalafati kwanza, na likizo ya Desemba mkatie nanga karibu, usiku mmoja mmoja, mwenye usukani ukiwa wewe. Akikataa kukufundisha, chombo kibaki juu ya magogo na kodi ya Januari ilipwe.

Shangazi